Fremu ya Kwanza Hukatwa

Siku ya kwanza kwenda kazini nilivaa shati jeupe. Mamangu alilipiga pasi na kunipaka mafuta ya nywele, kwa kuwa alisikia "duka la baiskeli" akadhani nitasimama nyuma ya meza kupokea wateja. Nilipoingia katika ile warsha ya Makadara, Fundi Mkuu aliinua uso, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akawauliza mafundi wenziwe, "Leo Idi? Mbona sisi hatukuambiwa?" Walicheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kufika adhuhuri lile shati lilikuwa limegeuka rangi ya makaa, na mamangu hakulipiga pasi tena.

Nayasimulia haya kwa sababu ya vijana wanaokuja mlangoni kwangu Mji wa Kale na simu zao mkononi. Wananionyesha picha za baiskeli za ng'ambo zenye fremu za ajabu, moja haina paipu ya kiti, nyingine imepindwapindwa kama jalebi, nyingine imejaa maua ya chuma kila pembe, nao wanataka nitoe maoni. Maoni ninayo, tena mengi, na sioni haya kuyasema. Ila mtu hawezi kuyaelewa asipojua nilifunzwa na nani, na asipojua ni kwa nini fremu niliyoipenda kuliko zote haiko tena ukutani.

Fundi Mkuu alikuwa Muislamu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, na Kimvita chake kilikuwa safi kuliko cha wengi waliojigamba kuwa wenyeji. Warsha ilikuwa ya familia yao. Baiskeli nyingi zama zile ziliingia ndani ya makasha zikaunganishwa hapa, lakini yeye aliwaundia fremu wale waliotaka kitu cha kudumu. Paipu za chuma chepesi zilikuja tupu, pamoja na soketi zake. Soketi ni kile kipande cha chuma ambamo ncha za paipu huingia zikakutana. Itazame baiskeli ya zamani chini ya usukani na chini ya kiti, utaiona imevimba kidogo. Paipu na soketi tulizishikanisha kwa shaba ya manjano iliyoyeyushwa. Hatukuchomelea kwa umeme kama watengeneza mageti, maana moto ule huunguza paipu nyembamba ikavunjika kama biskuti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unasugua chuma mpaka king'are, kisha unakipaka boraksi, unga mweupe uliokorogwa kwa maji, kwani bila huo shaba hukataa kushika. Unapasha kwa moto wa gesi, taratibu, mpaka chuma kipate rangi ya chungwa bivu. Hapo unagusisha kijiti cha shaba upande mmoja tu wa soketi. Moto wako ukiwa sawasawa, shaba hunywewa ndani, ikapita kati ya paipu na soketi, ikachomoza upande wa pili uzi mwembamba unaong'aa. Shaba hufuata moto, haifuati mkono. Sasa kuna fundi mwoga ambaye akiona uzi haujachomoza, huzunguka akailisha shaba kwa upande wa pili pia. Pande zote zinang'aa, mteja anachekelea, na katikati mna hewa. Pale Makadara hatukuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Mtu akijifanya mwema machoni pa watu na nyuma ana yake, tulisema, "Yule amelishwa pande mbili."

Ndiyo maana warsha ilikuwa na ada yake. Fremu ya kwanza ya kila mwanafunzi ilikatwa. Haikupakwa rangi, haikupandwa wala haikuuzwa. Ilibanwa kwenye jiliwa mbele ya mafundi wote, na aliyeiunda akaipasua kwa msumeno pale kwenye soketi ya mbele, kwa urefu, ili watu waone ndani. Nilikuwa nimewaona wengine wakikatiwa jasho lao, lakini jambo la mwenzio halikuumi mpaka likufike.

Siku yangu ilipofika, Fundi Mkuu aliniita. "Ndoo hapa. Shika msumeno."

"Nikate mwenyewe?"

"Wataka nikukatie mimi? Na kitoweo nikutafunie?"

Nikakata. Chuma kilipoachana, shaba ilionekana imeenea kote, hakuna hata tundu la kupitisha sindano. Mafundi walinipigia makofi. Mimi nilikitazama kipande kilichoanguka chini. Nilisema, "Fundi, si nzima hii? Sasa si tumeiharibu bure?"

Alikiokota kile kipande, akakipangusa kwa kitambaa, akanitia mkononi. "Jana ulikuwa wadhani," akasema. "Leo wajua. Fremu ya pili utaiunda kama mtu ajuaye." Nilikasirika siku nzima, na usiku nililala na kile kipande chini ya mto.

Yeye ndiye aliyenifunza na nakshi. Watu hudhani kuchonga soketi kwa tupa ni mapambo tu, kama hina. Sivyo. Ukingo wa soketi ukikatwa wima, mshindo wote wa barabarani hukusanyika pale pale unapoishia, na paipu huvunjika hapo, imenyooka kama imekatwa kwa kisu. Ukingo ukichongwa ukawa na ncha ndefu inayokwisha polepole, mshindo nao hushuka polepole. Kwa hiyo mimi naikubali fremu ya nakshi ikiwa nakshi yake imechongwa ndani ya kazi. Yale maua ya bati yanayobandikwa juu baada ya fremu kwisha, siyakubali, hata yawe yametoka kwa fundi mwenye sifa za dunia nzima. Mwenye macho atayaona yamebandikwa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia Shimanzi, katika warsha ya kampuni moja ya uchukuzi. Huko hakuna aliyetaka nakshi. Makarani walizunguka kwenye maghala na makontena kwa baiskeli, matarishi walibeba vifurushi, na malori yalipita karibu mpaka unasikia joto lake kwenye shavu. Mkubwa wangu aliitwa Msimamizi wa Warsha, Mkristo aliyetoka bara, mtu wa tai kila siku na nyimbo za kanisa mdomoni. Siku za mwanzo alinikuta nachonga waridi kwenye soketi.

"Kijana, hii maua itabeba nini?" akaniuliza.

Nikamweleza habari ya mshindo na ncha. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. "Sawa. Weka hiyo ncha. Lakini maua wachia bibi yako. Baiskeli ni punda, na punda hatumvalishi herini."

Nilimwona mshamba. Lakini ni huyo mshamba aliyenifungua macho kuhusu fremu zisizo za kawaida. Fremu ya baiskeli tuijuayo ni pembetatu mbili zilizoegemeana, na pembetatu haiyumbi. Kila anayeacha umbo hilo anaanza kulipa papo hapo, kwa uzito au kwa nguvu. Ndivyo nilivyofunzwa na ndivyo niaminivyo. Sasa mara kwa mara wakuu wa maghala walimletea Msimamizi michoro ya baiskeli za ajabu walizotaka. Yeye hakuitazama. Alisema, "Usinichoree. Nionyeshe mzigo." Akaenda mwenyewe kuuona mzigo na mtu wa kuubeba, akaupima kwa mikono yake, ndipo akarudi. Mara nyingi alirudi akasema baiskeli ya kawaida inatosha. Lakini mara nyingine alirudi akaniambia turefushe nyuma, au tuweke gurudumu dogo mbele, au tushushe paipu ya juu. Na zile tulizoziunda hivyo zilikuwa na sura mbaya kweli kweli, nazo zilifanya kazi mpaka zikachoka.

Kwa hiyo vijana wakinionyesha ile fremu ya jalebi mimi huwauliza swali la Msimamizi. Mzigo uko wapi? Wakisema hapana mzigo, ni sanaa, nawaambia basi itundikeni.

Wanacheka, kwa sababu wanajua na mimi nilitundika yangu. Nilipotoka Shimanzi nilifungua warsha yangu mwenyewe Mji wa Kale, chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mkubwa wa kuniambia wacha maua. Nikaunda fremu ya mtu mrefu, kwa paipu bora nilizopata kuzishika. Soketi zote nilizichonga kwa tupa, kidogo kidogo, kila nilipopata nafasi baada ya kazi za watu. Nakshi niliichukua kwenye milango mikubwa ya mtaani kwetu, waridi hapa, mnyororo pale, na kuti la mtende likishuka juu ya paipu ya mbele mpaka likaisha bila wewe kuona limeishia wapi. Siwezi kujivunga, ilikuwa nzuri. Niliipigilia misumari miwili ukutani nikaitundika, na hakuna mtu aliyewahi kuipanda. Watu walisimama barabarani kuitazama. Bwana mmoja kutoka Nairobi, mpenzi wa baiskeli za kale, alikuja akaniomba nimuuzie akaipambe sebule yake. Nilimwambia kwa sebule anunue saa.

Warsha sasa ni ya Rukia, binti ya marehemu ndugu yangu. Alianza kuja akiwa tayari ni mke wa mtu na mama wa watoto, akasema amechoka kushona na ataka kuchoma shaba. Walioniambia nimkataze walikuwa wengi, na wote nilikuwa nimewatengenezea baiskeli, kwa hiyo nilijua ni wangapi kati yao wanaoweza hata kuziba pancha. Nikamfunza kama nilivyofunzwa. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na ulimi wake vilevile.

Fremu yake ya kwanza aliamua kumuundia Mzee Athmani, muuza kahawa. Mzee huyu alipita kwetu kila alasiri na dele lake la kahawa juu ya makaa, vikombe vikilia mkononi, akielekea Makadara. Dele alilifunga nyuma ya baiskeli, na goti lilikuwa limemharibikia hata hawezi tena kuinua mguu kuuvusha juu ya moto na paipu. Ikawa haipandi, anaikokota. Bintiye wa Malindi alikuwa akimwita akapumzike kwake.

"Kule n'takula, n'talala, n'takula tena," Mzee Athmani alituambia. "Mimi ni paka?"

Rukia akaunda kitu ambacho sijawahi kukiona. Paipu ya juu aliikunja ikashuka chini ya goti. Alijaza mchanga mkavu ndani yake kwanza ili isibonyee, kisha akaipinda kwa moto. Mbele aliweka gurudumu dogo, na juu yake keria iliyoshikwa na fremu yenyewe, si usukani, ili ukikata kona dele lisigeuke. Mtu angeingia kama aingiavyo mlangoni, mguu hauinuki.

Nikamwambia, "Rukia, hii yafanana na ngamia aliyepiga magoti akakataa kuinuka."

"Ami, mzigo umeuona?" akanijibu. "Na mtu wake umemuona?"

Maneno yalikuwa ya Msimamizi, na ni mimi niliyempa.

Paipu alizotumia zilikuwa za mwisho rafuni. Paipu nzuri za baiskeli haziingii tena. Zilizoko madukani ni nzito, za kutengenezea vitanda na meza, na mzee mwenye goti bovu hawezi kuzisukuma. Sote wawili tulilijua hilo. Kwa hiyo fremu ilipokwisha, na Mzee Athmani akaketi kwenye benchi yetu akiitazama kwa furaha, mimi nilinyamaza kuhusu ada. Rukia ndiye aliyeibana kwenye jiliwa na kuchukua msumeno.

"Weka chini," nikamwambia. "Mzee yuwangoja."

"Ami, makaa na kahawa inayochemka vitakaa mbele ya magoti ya mtu. Mimi sitaki kudhani." Akapunguza sauti. "Na ukiiwacha hii, watasema Rukia hakukatiwa kwa kuwa ni mtoto wa nduguye. N'taishi nalo hilo maisha yangu yote."

Mzee Athmani akaruka. "Jamani! Mukiikata hiyo, mimi n'tapanda nini? Mato yangu yaiona ni nzima!"

"Mato yaona nje, Mzee," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya Fundi Mkuu hasa.

Nikampa Rukia ishara. Akakata bila kusita, kwa mikato mirefu iliyotulia. Chuma kikaachana. Nilivaa miwani nikainama. Shaba ilikuwa imeenea kote, nyembamba, sawasawa, imelishwa upande mmoja tu kama inavyotakiwa. Nilitaka kumpigia makofi nikashindwa, kwa sababu Mzee Athmani alikuwa ameshainuka na kuanza kukusanya vikombe vyake.

"Kheri inshallah," alisema. "Malindi nako ni kwetu." Aliyasema kwa adabu, bila lawama, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Mtu akikutukana unapata la kujibu.

Nikautazama ukuta. Nitakuwa muongo nikisema sikuwahi kuutazama kabla ya hapo siku ile. Nilikuwa nimeutazama tangu Rukia alipoushika msumeno, nikageuza macho, nikautazama tena. Paipu ndefu, bora, nyepesi, zilikuwa pale, na soketi mbili za mbele. Kila kitu alichokihitaji Rukia kilikuwa kimetundikwa kwenye misumari miwili kikisifiwa.

"Keti, Mzee," nikasema. "Rukia, ishushe."

"Ishushwe ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Alinitazama. "Ami, hiyo hapana. Tutatafuta nyingine. N'tauliza hata Makupa."

"Utauliza Makupa na Mzee atakuwa Malindi amenona. Ishushe."

Soketi ya kiti ndiyo ambayo Rukia hakuihitaji, basi hiyo ndiyo niliyoipasua, mimi mwenyewe, maana yake imekatwa, na yangu isingepona. Kuhusu shaba sikuwa na wasiwasi hata chembe. Uchungu ndio ulionijaa, uchungu wa kweli, na sikuuficha. Machozi yalinitoka na msumeno unakwenda, na Rukia akasimama karibu yangu. Lile waridi la nyuma lilipasuka katikati. Ndani, shaba ilikuwa nzima tangu ukingo hadi ukingo.

Rukia akakiokota kipande, akakipangusa na leso yake, akanitia mkononi. "Sasa wajua, Ami."

"Nilikuwa najua," nikamwambia. "Lakini si vibaya kuona."

Soketi mbili za mbele tulizifumua kwa moto, maana shaba iliyokubali kuingia kwa moto hukubali kutoka kwa moto. Rukia akaiunda upya fremu ya Mzee kwa paipu na soketi zile, na paipu moja aliisogeza pembe yake kidogo ili ipatane na kuti langu la mtende. Siku Mzee Athmani alipoipanda mara ya kwanza, mguu wake mbovu uliingia bila kuinuka, akasukuma pedeli, akapotea kwenye kona bila hata kutuaga. Tulisikia vikombe vyake vikilia mpaka mbali.

Sasa nimestaafu. Naketi nje ya mlango asubuhi, nawasikiliza Rukia na moto wake ndani, na yeye hujifanya haoni ninapochungulia. Vijana bado wanakuja na simu zao. Nawaambia nakshi ni halali ikibeba kazi, na fremu ngeni ni halali ikiwa na mtu wake, na kwamba ile ya Rukia mpaka leo naiona haina sura, na ni fremu bora kuliko zote zilizotoka katika warsha hii, zangu zikiwemo. Ukutani, kwenye ile misumari miwili, tumeangika vile vipande viwili vilivyokatwa, chake na changu, ndani kukitazama nje.

Juzi yule Bwana wa Nairobi alirudi. Alisalimu, akaingia, akautazama ukuta, akashtuka. "Mzee, ile fremu ya nakshi iko wapi? Usiniambie umeiuza!"

Ilikuwa alasiri. Kutoka upande wa kona nilianza kuvisikia vikombe. Nikamvutia kiti.

"Keti kidogo, Bwana," nikamwambia. "Yaja na kahawa."